Ukuta wa bahari huugua miguuni: namna ya kukarabati ukuta wa mawe na chokaa

Ami yangu alikuwa mwashi. Siku ya kwanza aliyonichukua kazini, nikiwa na miaka kumi na sita, hakunipa mwiko wala nyundo. Alinishusha ufukweni chini ya Fort Jesus, ambayo sisi wa Mji wa Kale wa Mombasa twaiita Ngomeni, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Ilikuwa saa nne ya asubuhi na maji yamepwa hata kaa wanakimbia juu ya mawe ambayo siku nyingine huyaoni. Akanipa ufito wa mkoko, akaniambia niuchomeke chini ya jabali. Ufito ukazama wote, mkono nao ukafuata, mpaka bega langu likagusa mwani. Juu ya kichwa changu kulikuwa na jabali, na juu ya jabali ukuta uliosimama tangu karne ya kumi na sita.

"Wote hutazama juu," akasema. "Wewe anza hapa."

Nimekuwa mwashi miaka mingi tangu siku hiyo, na nimeitwa kwenye kuta za bahari nyingi, za nyumba, za bandari ndogo na za misikiti. Karibu kila mara naitwa nikaonyeshwe ufa ulio juu, na karibu kila mara ugonjwa wenyewe uko chini. Ninaandika haya kwa vijana wanaojifunza kazi, na kwa wenye nyumba na kuta za zamani kutoka Lamu hadi Kilwa ambao kesho watasimama mbele ya ukuta unaomeguka bila kujua waanze wapi.

Kwanza elewa kwa nini ukuta uko pale ulipo

Usiguse jiwe kabla hujajua aliyejenga alitaka nini. Wareno walianza Ngomeni mwaka 1593, miaka minne baada ya Mturuki Amir Ali Bey kuwatia hofu katika pwani hii. Ramani ilichorwa na Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milano aliyekuwa mkuu wa ujenzi wa ngome za Wareno upande wa Mashariki, na aliyeisimamia kazi mwanzoni ni kapteni Mateus Mendes de Vasconcelos. Cairati alikuwa amezoea hesabu za mizinga: buruji hili, yaani mnara wa pembeni wa ngome, lilinde ukuta wa lile, pasibaki pembe ambayo adui anaweza kujificha. Buruji mbili, San Filipe na San Alberto, zatazama bara. Mbili nyingine, San Matias na San Mateus, ziko upande wa bahari. Mahali pakachaguliwa kwa jicho la mzinga: kilima cha matumbawe kwenye mdomo wa bandari, ambapo kila chombo kinachoingia hupita chini ya bunduki.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Pwani yetu imezungukwa na mwamba, na wimbi kubwa huvunjikia nje huko, likafika ufukweni limechoka. Bandari hupatikana pale tu ambapo mwamba umekatika na kuacha mlango. Jahazi hupita mlangoni, na wimbi la kusi nalo hupita mlango huo huo. Kwa hiyo anayetaka kulinda bandari hana budi kuweka mguu wa ukuta wake mahali ambapo bahari ina nguvu kuliko popote karibu yake. Ngome ya mlangoni hupigwa na maji miaka yote, awe adui amekuja au hajaja.

Ngomeni ilikuwa na bahati moja: ilikaa juu ya jabali, na sehemu ya chini ya kuta zake ni jabali lenyewe lililochongwa. Ndiyo sababu bado ipo. Ilizingirwa na Waomani tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, na waliokuwa ndani walimalizwa na maradhi na njaa zaidi kuliko mizinga. Kilwa Kisiwani hawakuwa na bahati hiyo. Francisco de Almeida aliiteka Kilwa Julai 1505, akajenga ngome kwa haraka palepale ufukweni, na Wareno wakaiacha mwaka 1512. Gereza, yaani ngome mnayoiona leo, ni la Waomani, limesimama mahali pa ile ya Wareno, na sehemu yake upande wa maji ilimegwa na bahari ikaporomoka. Kilwa iliwekwa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014, na katika kazi zilizofanywa kati ya miaka hiyo ni kuzuia maji yasile ufukwe.

Basi unapofika kwenye ukuta wako, swali la kwanza ni hili: umekaa juu ya jabali au juu ya mchanga? Chimba kidogo pembeni, mahali pasipo na hatari, mpaka upate jibu. Dawa ya jabali ni tofauti na dawa ya mchanga.

Soma maji kabla ya kusoma mawe

Mombasa, siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Hiyo ni nyumba ya ghorofa moja inayojazwa na kumwagwa mara mbili kwa siku. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo, na mguu wa ukuta hauonekani vizuri. Kwa hiyo ukaguzi hufanywa siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Kwetu siku hizo maji hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Bamvua kubwa kuliko zote huja karibu na Machi na Septemba. Kama unaweza kuchagua, kagua Septemba uone kusi imekula nini, kisha fanya kazi ya mguuni kuanzia Januari hadi katikati ya Machi, kabla mvua za masika na kusi hazijaingia.

Nunua jedwali la maji la bandari yako au lipate kwenye simu, ulilinganishe na macho yako kwa siku tatu. Mimi huchora alama ya chaki ukutani pale maji yanapofika yakijaa siku ya bamvua, na nyingine siku ya maji mafu. Mistari hiyo miwili itakuongoza mpaka mwisho wa kazi. Kilicho juu ya mstari wa bamvua hupigwa na marasharasha na chumvi ya upepo. Kilicho katikati hulowa na kukauka kila siku, na hapo ndipo pana mateso makubwa. Kilicho chini hakikauki kamwe, na chokaa ya kawaida haiwezi kuishi hapo.

Kupima pango la mguuni

Jabali letu ni matumbawe yaliyokufa zaidi ya miaka laki moja iliyopita. Lina matundu, ni gumu juu na laini ndani, na pale maji yanapofika kila siku hulika kwa njia mbili. Wimbi hulipiga na kokoto zake, na viumbe wadogo, konokono wa mawe na wengineo, hulikwangua usiku na mchana wakitafuta mwani. Matokeo yake ni pango jembamba refu linaloingia chini ya jabali kama mdomo uliofunguka. Wapita njia hawalioni kwa sababu wanasimama juu yake.

Chukua ufito wa mkoko ulionyooka, uutie alama za shubiri kwa kisu. Tembea mguuni na kila hatua tatu chomeka ufito, uandike umezama shubiri ngapi na dari ya pango ina unene gani. Usiingie pangoni mwenyewe. Najua utatamani, mimi pia nimetamani. Niliona dari ya shubiri sita ikianguka kwa wimbi dogo la boti iliyopita, mahali ambapo nusu saa kabla mtoto wa kazi alikuwa ameketi akinywa chai.

Kanuni niliyoachiwa na ami yangu, na ambayo haijaniangusha, ni kwamba kina cha pango kikikaribia unene wa dari yake, ukuta ulio juu uko hatarini na watu waondolewe. Hiyo si hesabu ya mhandisi. Kwa jengo kubwa mwite mhandisi. Lakini itakuambia upige simu leo au ungoje wiki ijayo.

Sasa ndipo utazame juu. Nyufa zinazopanda wima kutoka kwenye pango zaonyesha kwamba ukuta umeanza kukaa. Bandika kipande cha plasta ya chokaa, upana wa viganja viwili, juu ya ufa, uandike tarehe kwa penseli. Kikipasuka, ufa unatembea. Kikikaa bamvua tatu bila kupasuka, huo ni ufa wa zamani uliotulia, unaweza kuujaza.

Kagua pia maji yanayotoka nyuma. Ukuta wa bahari wenye ua juu yake hunyonya mvua. Kama mifereji imeziba, au kuna choo cha shimo kinachovuja, maji yatashuka ndani ya ukuta yakitafuta bahari na kubeba udongo njiani. Nimeona ukuta ambao mguu wake ulikuwa mzima kabisa na tumbo limevimba mbele kama la mjamzito. Siku hiyo kazi nzima ilikuwa kuzibua mfereji na kufungua matundu sita ya kutolea maji, na ukuta haujasogea tena.

Simenti

Hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu kuta zetu nyingi zimeuawa na mikono iliyokusudia kuziponya.

Kuna nyumba moja ya zamani ambayo ukuta wake wa bahari ulianza kumwaga unga. Mwenye nyumba alikuwa mama mtu mzima, mjane, aliyekuwa ameuza shamba lake ili kuiokoa. Mkandarasi mmoja alimpigia lipu ya simenti nzito upande wote wa bahari, ikapakwa rangi, ikapendeza. Miaka mitatu baadaye niliitwa. Niligonga ile lipu kwa kifundo cha kidole ikalia kama ngoma: nyuma yake palikuwa patupu. Nilipong'oa kipande, mawe ya matumbawe yaliyokuwa nyuma yakamiminika mkononi mwangu kama sukari. Lipu ilikuwa nzima kabisa, na ukuta haukuwepo tena.

Sababu yake ni rahisi. Jiwe la matumbawe na chokaa hupumua. Maji ya chumvi huingia, jua likiwaka hutoka, chumvi ikabaki juu ya lipu ya chokaa na kuila polepole. Lipu ndiyo inayotolewa kafara, kisha hupigwa upya baada ya miaka. Simenti haipitishi maji kwa urahisi. Maji yaliyoingia kwa juu au kwa mguuni hukwama nyuma yake, chumvi huganda ndani ya jiwe, na kila inapoganda huyasukuma matundu ya jiwe mpaka yapasuke. Tena simenti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, kwa hiyo ukuta ukitikisika kidogo kinachovunjika ni jiwe. Nondo ndani ya zege la pwani ni mbaya zaidi: chumvi ikiifikia hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani.

Kuondoa simenti kunataka subira. Tumia tindo nyembamba na nyundo ndogo, ukipiga kwa kulala, kamwe usielekeze tindo moja kwa moja kwenye jiwe. Mashine ya kutetemesha isiletwe karibu. Pale simenti iliposhikana na jiwe kiasi kwamba kuitoa kutaliharibu, iache kama ilivyo. Baada ya hapo uoshe kwa maji baridi, uache siku nzima, uoshe tena, mpaka ulimi ukigusa jiwe usionje chumvi kali. Ndiyo, huonja. Mafundi wote wa zamani walikuwa wakionja.

Chokaa yenyewe

Mababu walichoma matumbawe juu ya tanuu ya magogo: magogo yanapangwa duara, matumbawe yanamwagwa juu, moto unakoka usiku mzima. Jiwe likifikia joto la karibu nyuzi 900 hupoteza hewa yake na kuwa jepesi, jeupe, lenye njaa ya maji. Kisha chungu hiyo ya chokaa iliachwa inyeshewe na kulowana kwa umande kwa miezi, mpaka ikawa laini kama maziwa ya mtindi. Leo usichome matumbawe ya baharini, wala usiyatoe. Yaliyo hai ndiyo yanayovunja wimbi kabla halijakufikia, na kuyatoa ni kosa kisheria. Mawe ya kujengea chukua ya machimbo ya nchi kavu, au bora zaidi, yaliyoanguka kutoka kwenye ukuta huohuo.

Ukipata chokaa hai ya tanuri, ambayo haijaonja maji bado, chimba shimo, ulijaze maji nusu, kisha tia chokaa ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Itachemka, itarusha, na tone moja jichoni laweza kumpofusha mtu. Vaa miwani na glavu, na uweke ndoo ya maji safi karibu. Utasikia mlio kama wa mafuta ya kukaangia mahamri, na mvuke wenye harufu ya jiwe lililolowa. Koroga mpaka utulie, uchuje kwa wavu, ufunike kwa maji vidole vinne, uusahau kwa miezi mitatu angalau. Chokaa iliyokaa hukatika kwa mwiko kama siagi na haina punje. Iliyoharakishwa ina punje ndogo ambazo hazijaiva. Zitaiva baadaye ukutani na kurusha vipande vya lipu.

Kama huna miezi mitatu, chokaa ya mfuko ya dukani itafaa, lakini iloweke kwenye pipa wiki moja kabla ya kuitumia, na angalia tarehe ya mfuko. Mfuko uliokaa umefunguliwa umekwisha kuwa jiwe bure.

Mchanga ni wa mto au wa shamba, wenye punje kali zinazokwaruza kiganjani. Mchanga wa ufukweni una chumvi, utakurudishia ugonjwa uleule. Kwa kujaza viungo vya mawe juu ya mstari wa bamvua, fungu moja la chokaa kwa matatu ya mchanga. Kwa sehemu inayolowa na kukauka kila siku, chokaa peke yake haitoshi, kwa sababu huganda kwa kunyonya hewa na bahari haikupi nafasi ya kungoja. Hapo ongeza unga wa tofali lililochomwa kwa moto mdogo, lililopondwa na kuchekechwa: fungu moja la chokaa, moja la unga wa tofali, mawili ya mchanga. Mchanganyiko huu huganda hata penye unyevu, na hubaki laini kuliko jiwe. Vigae vya mitungi vilivyopondwa vyafaa pia. Nimevikuta ndani ya viungo vya visima na mahodhi ya zamani, nikajua aliyejenga alikuwa anajua.

Changanya kwa nguvu. Usiongeze maji, piga. Chokaa iliyopigwa vizuri kwa nyundo ya mbao hulainika yenyewe. Ami yangu alikuwa akiweka donge juu ya mwiko na kuugeuza chini juu: likidondoka, rudi ukapige.

Kujaza pango na viungo

Siku ya kazi ya mguuni unapata saa tatu, kwa bahati nzuri tatu na nusu, kabla maji hayajarudi. Panga kila kitu usiku: mawe yamekwisha kuchaguliwa na kulowekwa, vyombo viko juu, mtu mmoja hana kazi isipokuwa kutazama maji na kupaza sauti.

Safisha pango, toa mwani na mchanga kwa brashi ya nyuzi. Anza na mawe makubwa ndani, kila jiwe likae kwa kitako chake bila kutikisika hata kabla ya chokaa. Usijaze pengo kwa chokaa tupu. Pengo lolote linaloingia kidole lipigiwe kipande cha jiwe. Fanya sehemu fupi fupi, hatua moja, ruka hatua mbili, urudi siku inayofuata, ili dari isikose pa kuegemea hata saa moja. Uso wa kazi yako uwe nyuma kidogo ya uso wa jabali, usitokeze mbele, maana kinachotokeza ndicho bahari hukishika na kukivuta. Acha matundu ya kutolea maji kila baada ya hatua mbili, yenye mteremko wa kwenda baharini.

Kabla maji hayajarudi, funika kwa magunia yaliyolowa na uyabane kwa nguzo. Kazi ya chini kabisa, ile isiyokauka kamwe, siwezi kukudanganya kwamba chokaa na unga wa tofali vitaiweza. Hapo pangilia mawe makubwa yakavu yaliyobanana, au tumia chokaa ya viwandani iliyotengenezwa kuganda ndani ya maji, kwa ushauri wa mhandisi anayezijua kuta za chokaa.

Sehemu ya juu ni kazi tulivu. Ng'oa viungo vilivyooza mpaka kina cha mara mbili ya upana wake, lowesha, jaza kwa tabaka zisizozidi unene wa kidole, bana kwa mti, ukwangue uso siku ya pili. Jua la kaskazi ni kali. Funika kwa magunia na urashie maji matamu asubuhi na jioni kwa wiki nzima. Chokaa iliyokaushwa na jua ndani ya siku moja hugeuka vumbi, na utailaumu chokaa bure.

Ukitaka kujenga kinga mbele ya ukuta

Miaka michache iliyopita Serikali ya Kenya ilijenga ukuta wa bahari mbele ya Ngomeni, kwa sababu jabali lililoibeba tangu 1593 lilikuwa linaliwa. Nilifurahi kwamba hatimaye mtu alitazama miguu. Lakini mwenye nyumba anayetaka kuiga kwa udogo wake ajue mambo matatu ambayo nimeyaona yakiharibu kinga za watu.

La kwanza ni unyayo. Ukuta ulionyooka wima hulirudisha wimbi chini, nalo huchimba mchanga uliopo mbele yake. Baada ya kusi mbili ukuta umeninginia. Msingi ufike kwenye jabali, au mbele yake pamwagwe mawe makubwa yenye nafasi baina yao, ambayo wimbi huingia likapoteza nguvu. Chini ya mawe hayo pawe na tabaka la kokoto au kitambaa cha kuchuja, ili mchanga usinyonywe kutoka chini yake.

La pili ni ncha. Kinga inapoishia, bahari huzunguka na kula pale kando kwa nguvu mpya, na mara nyingi pale kando ni kwa jirani. Nimeamua kesi za namna hiyo barazani, hazina ushindi. Zungumza na jirani kabla, ncha ziingie ndani ya ardhi, zisikatike ghafla.

La tatu ni maji ya nyuma, ambayo nimekwisha kuyasema: matundu, na mifereji ya mvua yenye njia yake.

Penye matope na maji yaliyotulia, panda mikoko mbele na uipe miaka. Mlangoni mwa bahari, penye wimbi la wazi, mikoko haitashika, usipoteze miche yako. Na kabla ya jiwe la kwanza, pata ruhusa. Kenya, kazi ya ufukweni hupitia mamlaka ya mazingira, NEMA, na jengo la kale hupitia Makavazi ya Kitaifa. Tanzania, nenda kwa wanaosimamia mambo ya kale kabla ya kugusa chochote. Safari hizo zachosha, lakini nimeona kazi nzuri ikibomolewa kwa kukosa karatasi, na fundi ndiye aliyekosa ujira wake.

Kazi ikiisha, chukua ufito uleule wenye alama za shubiri. Pima tena mguu wote, kila hatua tatu, uandike namba kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la bamvua. Mpe mwenye nyumba nakala na wewe ubaki na yako. Septemba ijayo, siku mbili baada ya mwezi kuandama, rudi saa nne asubuhi ukapime palepale.